Mawe Yaliyosimama na Mikono ya Baadaye

Katika mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, hupita kila siku watu maelfu wasio na haja ya kuuliza jina la mtaa huo lilitoka wapi. Kwa upande mmoja mtaa umepakana na Kariakoo na soko lake. Kwa upande mwingine iko njia ya reli. Na tangu mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yana kituo chao kikubwa hapo. Mwenye kujenga nyumba huenda huko kutafuta nondo, mabati, misumari na saruji. Walakini jina lenyewe ni la kale kuliko kila ukuta uliosimama katika mtaa. Gereza, kama waelezavyo wanaisimu, ni neno lililotokana na Kireno, igreja, maana yake kanisa. Yamkini wenyeji wa pwani waliona kanisa ndani ya kuta za ngome za Wareno, wakaliita jengo zima kwa jina la sehemu yake moja. Basi gereza likawa ngome. Baadaye ngome zikageuzwa kuwa mahali pa kufungia watu. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa jela tangu 1895 hata 1958, na ngome ya Lamu nayo ilitumika hivyo hivyo mpaka 1984. Kwa njia hiyo gereza likawa nyumba ya wafungwa, na maana ya ibada ikafutika isibaki hata harufu yake. Jirani yake, Kariakoo, lina kisa kifupi zaidi cha namna iyo hiyo: ndani yake limo jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambalo mchuuzi wa nyanya halisikii tena anapolitamka.

Neno likiongezwa maana hakuna anayedhurika sana, kwa kuwa mtafiti aweza kufuata nyayo zake katika maandishi na katika vinywa vya watu. Jengo ni gumu zaidi. Kisiwani Kilwa liko jengo kubwa kando ya maji liitwalo Gereza, na aghalabu mgeni huambiwa kwamba ni ngome ya Wareno. Wareno walijenga ngome Kilwa mwaka 1505 na kuihama mwaka 1512; hilo ni kweli. Lakini kuta anazoziona mgeni ni kazi ya Waomani wa karibu mwaka 1800, ingawa yaaminiwa kwamba sehemu za jengo la kwanza zimo ndani yake. Waliojenga baadaye hawakukusudia kumdanganya mtu. Walikuta mawe, wakayatumia, wakaendelea na shughuli zao. Aliyefanya kosa ni yule aliyekuja nyuma yao akatazama jengo la mikono miwili na kulihesabu kuwa la mkono mmoja.

Hata hivyo Kilwa ina taarikh zake, ina barua za Wareno, ina fedha zilizopigwa kwa majina ya masultani. Mwanafunzi akikosea huko, yako maandishi ya kumrudisha njiani. Je, itakuwaje mahali ambapo hapana hata herufi moja, ambapo jiwe limesimamishwa na watu wasiojua kuandika, nao wakatoweka pamoja na lugha yao? Afrika Mashariki inayo mawe ya namna hiyo, na mfano ulio bora kwa ajili ya swali hili hauko pwani, bali uko mbali na bahari, katika nchi kavu iliyo magharibi mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya.

Karibu na Kalokol, kando ya njia itokayo Lodwar kwenda ziwani, zimesimama nguzo za mawe meusi ya volkano. Hesabu iliyojulikana zaidi ni 19. Nyingine zimenyoka, nyingine zimeinama kama watu wanaosikiliza, na mawe madogo yamezizunguka chini. Juu ya vichwa vya nguzo nyingi vimepangwa vijiwe, viwili hapa, vitano pale. Mtu azionaye katika picha aweza kudhani kwamba vijiwe hivyo ni sehemu ya kazi ya wajenzi, kilemba kilichovikwa nguzo tangu mwanzo. Sivyo. Vijiwe vimewekwa na wapitaji wa zama za karibuni, nao huendelea kuviweka. Kimoja huanguka kwa upepo au kwa mbuzi, kingine huwekwa. Hiyo ndiyo nyongeza ya kwanza, na ndiyo iliyo wazi kuliko zote.

Nyongeza ya pili ni jina. Mahali hapo paitwa Namoratunga, na kwa Kiturkana maana yake ni watu wa mawe. Husimuliwa kwamba nguzo hizo zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe mahali waliposimama. Hadithi ni nzuri, na Waturkana wana haki nayo kama vile watu wowote wana haki ya kueleza mlima wanaouona kila asubuhi. Lakini Waturkana waliingia katika nchi hiyo katika karne za karibuni tu, ambapo nguzo zilikuwa zimekwisha kusimama kwa maelfu ya miaka. Hadithi yao yaeleza jinsi wageni walivyoyakuta mawe. Haielezi aliyeyasimamisha. Mwenye kuisikiliza kwa makini atagundua pia kwamba ndani yake mna ungamo la kweli: waliokuwa hapa hawapo, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

Nyongeza ya tatu haikutoka kwa mpitaji wala kwa mchunga mbuzi. Ilitoka katika chuo kikuu. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Lynch na Robbins, walichapisha katika jarida la sayansi makala iliyosomwa duniani kote. Walisema kwamba nguzo za Kalokol zilipangwa kwa kufuata nyota. Walijiegemeza kwa uchunguzi wa Asmarom Legesse, ambaye mwaka 1973 alikuwa ameeleza kwa urefu kalenda ya Waborana, watu wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ambao huhesabu miezi yao kwa kuutazama mwezi ukiwa karibu na nyota saba au makundi saba ya nyota. Miongoni mwa hizo imo Kilimia, ambayo wakulima na mabaharia wa Waswahili nao waijua vema. Zimo pia nyota za Orion, na Sirius ing'aayo kuliko nyota zote za usiku. Wataalamu hao walipima mistari iunganishayo nguzo, wakaona yaelekea mahali nyota hizo zilipokuwa zikichomoza karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Kwa hiyo wakasema: hapa walisimama mababu wa watu wa jamii ya Wakushi, nao walikuwa na kalenda.

Yafaa kusemwa kwamba habari hiyo ilipokewa kwa furaha iliyokuwa na sababu. Kwa muda mrefu vitabu vya wageni vilikuwa vimesema kwamba Mwafrika hakuwa na elimu ya anga, na sasa jiwe la Turkana lilionekana kujibu. Mtu hana budi kuielewa furaha hiyo kabla ya kuipima hoja yenyewe. Tena hoja, ikipimwa, yaonyesha nyufa.

Ufa wa kwanza ni wa hesabu. Nguzo 19 zikiunganishwa mbilimbili zatoa jozi 171, na kila jozi ina pande mbili za kutazama. Jumla ni pande 342 katika duara la nyuzi 360. Mtu aliye na mistari mingi kiasi hicho hatakosa kuona baadhi yake ikielekea nyota azitakazo, hata kama nguzo zingetupwa ovyo. Ufa wa pili ni wa kipimo. Robert Soper alikwenda kupima upya, na mwaka 1982 akaandika kwamba mawe yenyewe yana sumaku, hata dira ikikaribishwa kwake hupotoka. Jiwe lililosimama kimya tangu zama za kale lilikuwa likimsukuma mkono mpimaji.

Ufa wa tatu ndio mkubwa, nao ni wa tarehe. Mwaka 300 kabla ya Kristo haukutoka Kalokol. Uliazimwa kutoka Lokori, kusini, kwenye makaburi mengine yaitwayo pia Namoratunga, yaliyozungushiwa mawe yenye michoro inayofanana na chapa za ng'ombe. Kwa kuwa mahali pawili palionekana kufanana, na jina lilikuwa moja, tarehe ya huku ikapewa kule. Jina hilo, kama ilivyokwisha semwa, ni la Kiturkana, lilikuja baadaye. Basi jina lililoongezwa na watu waliofika jana lilisaidia kuunganisha makaburi na nguzo ambazo huenda wajenzi wao hawakujuana kamwe.

Uchunguzi uliofanywa katika karne hii na Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo na wenzao umeonyesha kwamba nguzo za Kalokol, pamoja na zile za Lothagam na Manemanya, ni za kati ya miaka 5000 na 4000 iliyopita. Tofauti hiyo si jambo la kupuuzwa. Mhimili wa dunia huyumba polepole, kama pia inayokaribia kuchoka, na mzunguko mmoja wa kuyumba kwake huchukua karibu miaka 26,000. Kwa sababu hiyo nyota haichomozi daima mahali pamoja. Ndiyo maana wataalamu wa 1978 walilazimika kuirudisha mbingu nyuma mpaka mwaka 300. Mbingu ikirudishwa nyuma miaka elfu mbili na zaidi tena, nyota hazipo mahali mistari ilipozitaka. Hili halithibitishi kwamba wajenzi wa Kalokol hawakutazama anga. Watu wafugao katika nchi kavu na wasitazame anga hawajapata kuonekana. Lililoanguka ni daraja lililojengwa kati ya nguzo hizo na kalenda ya Waborana. Kalenda ya Waborana yenyewe haikupungukiwa na kitu. Yasimama kwa ushahidi wake, na haikuwa na haja ya nguzo.

Nini basi kilikuwa chini ya nyongeza zote hizi? Jibu lilipatikana zaidi Lothagam Kaskazini. Huko wajenzi walitengeneza jukwaa la mviringo lenye upana wa karibu mita 30. Katikati yake walichimba shimo kubwa wakalizika humo watu wao, kizazi baada ya kizazi. Makisio yaliyochapishwa mwaka 2018 yasema kwamba waliozikwa ni watu 580 kwa uchache: wazee, vijana, wanawake, wanaume, na watoto wachanga. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo, kama shanga za mawe za rangi. Kulikuwa na mtu mmoja aliyevikwa kichwani pambo lililotengenezwa kwa meno zaidi ya 300 ya panya wa jangwani. Hapakuonekana kaburi la mfalme, wala kona ya matajiri. Hao walikuwa miongoni mwa wafugaji wa kwanza wa nchi hiyo, na walijenga katika wakati ambao mvua zilikuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma, na malisho hayakuaminika tena. Shimo lilipojaa walilifunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo.

Hapo pana jambo ambalo laweza kumpita msomaji kwa haraka. Nguzo ndiyo sehemu inayoonekana, ndiyo iliyopigwa picha, ndiyo iliyopewa jina, hadithi na nyota. Kumbe kwa wajenzi wenyewe ilikuwa kazi ya mwisho, kifuniko cha kazi iliyochukua karne kadhaa. Kila aliyekuja baadaye aliongeza maana juu ya kifuniko. Watu 580 walikuwa chini.

Waandishi wengine wameziita nguzo za Kalokol Stonehenge ya Kenya, na ulinganisho huo una faida ambayo pengine hawakuikusudia. Stonehenge ya Uingereza ilijengwa katika zama zizo hizo, karibu miaka 5000 hadi 4500 iliyopita. Mwaka 1740 William Stukeley alichapisha kitabu akisema ni hekalu la makuhani waitwao Druidi. Hao walijulikana katika karne za mwisho kabla ya Kristo, yaani miaka elfu mbili baada ya mawe kusimamishwa. Kosa lake na kosa la Kalokol ni ndugu wa baba mmoja: mtu alishika watu aliowajua katika maandishi, akawapa mawe ya watu asiowajua. Zaidi ya hayo, mawe kadhaa ya Stonehenge yaliyoanguka au kuinama yalinyanyuliwa katika karne ya 20 na kushikizwa kwa zege. Yale matatu makubwa yaliyoanguka mwaka 1797 yalisimamishwa tena mwaka 1958. Mgeni ayatazamaye hawezi kujua kwa macho lipi lilisimama daima na lipi lilirudishwa. Huko Avebury, si mbali na hapo, Alexander Keiller alifanya kazi katika miaka ya 1930 kwa adabu nyingine. Jiwe alilolikuta limezikwa alilisimamisha. Mahali ambapo jiwe lilikuwa limepotea kabisa, hakuchonga jiwe la uongo, bali aliweka kijinguzo cha zege kisichofanana na jiwe hata kidogo. Vijinguzo hivyo havipendezi. Wengine wamevilalamikia. Lakini mtoto wa shule akivitazama ajua mara moja: hapa palikuwa na kitu, nacho hakipo. Mapatano ya Venice ya mwaka 1964 kuhusu kuhifadhi majengo ya kale yaliagiza vivyo hivyo, kwamba matengenezo yakome dhana inapoanza, na kilichojazwa kitofautike na kilichokuwapo.

Pwani ya Waswahili nayo ina mawe yake yaliyosimama, ingawa si ya kabla ya historia: ni makaburi ya nguzo. Yapo toka pwani ya Somalia mpaka Tanzania, na watu wa Dar es Salaam wanayo karibu, Kunduchi, na mbele zaidi Kaole, jirani na Bagamoyo, ambako Neville Chittick alichimbua mwaka 1958. Kunduchi makaburi ya karne ya 18 yalipambwa kwa sahani na mabakuli ya kaure ya Kichina. Sehemu kubwa imeng'olewa na wezi, yakabaki matundu ya mviringo kama macho yaliyotobolewa. Wizi, hata hivyo, huonekana. Nyongeza ya maneno haionekani. James Kirkman, aliyechimbua Gede kuanzia mwaka 1948 na kuitumikia kazi hiyo kwa bidii isiyokanushika, alikiita kitabu chake cha mwaka 1954 kwa jina lililoufanya mji huo kuwa mji wa Waarabu. Ni neno moja katika jalada, nalo lilisomwa na wanafunzi wa vizazi viwili. Hali kaburi la nguzo halikuwa desturi iliyoletwa tayari kutoka Arabuni; lilikua hapa, katika pwani hii, kwa mikono ya watu wake. Utafiti wa miaka ya 1980 na baadaye umeirudisha miji hiyo kwa wenyewe, lakini ni rahisi zaidi kusahihisha kitabu kuliko kusahihisha masimulizi ya mwongozaji wa wageni aliyelelewa na kitabu cha kwanza.

Iko pia nyongeza ya mkono, na hapa Gerezani inarudi katika habari. Kuta za kale za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe. Chokaa ni laini, hupumua, unyevu huingia na kutoka. Saruji ya kiwandani ni ngumu na haipitishi maji kwa urahisi. Ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa, unyevu hunaswa ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake, na jiwe la kale humomonyoka huku kiraka kikibaki kizima. Baada ya miaka kiraka huanguka pamoja na uso wa jiwe, na kama ulikuwa na mchoro, mchoro huenda nao. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya kuimarisha kuta, ambayo wakazi wa visiwa walishiriki. Wenye kujua kazi hiyo husema kwamba kuchoma chokaa ni taabu na kungoja ishike ni taabu zaidi. Saruji hushika kwa siku moja.

Fundi anayenunua mfuko wa saruji katika duka la Gerezani kwa ajili ya kaburi la babu yake hana hatia ya historia. Aona ufa, auziba, kama baba yake alivyouziba kwa chokaa. Tena mafundi wa jiji hilo wana desturi moja ambayo wahifadhi wa mambo ya kale wangeweza kuitamani. Wakimaliza kupiga lipu ngazi, kisima au kaburi, kabla saruji haijakauka, mmoja wao huokota msumari na kuandika kwenye kona, kwa herufi zisizonyoka, siku, mwezi na mwaka.